Mtu ni Afya, 1973: Jinsi Sayansi Ilivyofika Kijijini

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya jambo la historia litakalowafaa wazee tuliosoma hapa zamani pamoja na vijana walioko madarasani sasa. Nimechagua kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ninazo sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tuliokuwa shuleni wakati ule tuliiona kwa macho yetu, na ni vizuri tuiandike kabla hatujapungua zaidi. Pili, swali lililoikabili nchi mwaka ule ndilo linalowakabili vijana wetu leo: mtu aliyesoma sayansi atamwelezaje yule ambaye hakuisoma, mpaka aelewe na aitumie nyumbani kwake?

Sikusudii kusifu tu. Kampeni ile ilikuwa na upungufu wake, nao nitautaja mahali pake. Historia inayotaja mazuri peke yake haimfundishi mtu kitu.

ASILI YA KAMPENI

Wazee mnakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere alivyotaja maadui watatu wa nchi yetu: ujinga, maradhi na umaskini. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka ule ule likatoka Azimio la Arusha, na baada yake Mwalimu akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yalifunguliwa katika shule, chini ya miembe, na katika ofisi za Chama.

Adui maradhi naye alikuwa na sura yake ya ajabu. Wagonjwa wengi waliojaa katika zahanati zetu walikuwa na magonjwa yanayoweza kuzuilika: malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Mtu alipewa dawa, akapona, akarudi kwenye maji yale yale na uchafu ule ule, na baada ya miezi michache akarudi tena kwenye foleni. Madaktari walikuwa wachache mno. Hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kila nyumba iwe na maarifa kidogo ya daktari.

Lakini maarifa hayo yatafikaje? Redio zilikuwapo, maana utangazaji ulikwisha kuanza tangu mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Hata hivyo mtu anayesikiliza peke yake anaweza kusikia na kusahau. Njia iliyochaguliwa ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwingine. Huko Kanada, tangu mwaka 1941, wakulima walikuwa wakikusanyika nyumbani kwa jirani kusikiliza kipindi cha redio, kisha wakakijadili na kuamua la kufanya. Mwongozo wao ulikuwa maneno manne tu: soma, sikiliza, jadili, tenda. Mwaka 1956 Bara Hindi wakaijaribu njia hiyo katika vijiji vya upande wa Pune, kwa msaada wa Unesco.

Hapa kwetu kazi ilishikwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi haikuanza na jambo kubwa. Mwaka 1969 ilifanya kampeni ndogo iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua, kueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1970, wakati wa uchaguzi mkuu, ikaja Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. Kila mara walijifunza jambo: jinsi ya kuandika kitabu kwa mtu aliyejua kusoma jana, jinsi ya kumfundisha kiongozi wa kikundi, na saa gani watu huwa wametoka shambani.

KAMPENI YENYEWE

Mtu ni Afya ilipoanza mwaka 1973, haikuwa ndogo tena. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa zaidi ya 70,000. Serikali ya Sweden ilisaidia fedha. Mafunzo ya viongozi yalikwenda kwa ngazi: waliofundishwa ngazi ya juu wakaenda kuwafundisha wa wilaya, na wa wilaya wakawafundisha wale wa vijijini. Wengi wa viongozi hao walikuwa walimu wa shule za msingi, makatibu wa Chama, na wanakijiji wa kawaida waliojua kusoma.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila wiki, kwa muda wa wiki 12, kikundi kilikutana mahali penye redio. Kwanza kilisikiliza kipindi cha Radio Tanzania. Kisha mtu mmoja alisoma kwa sauti sura ya wiki ile katika kitabu, ambacho kilipigwa chapa kwa herufi kubwa na picha. Halafu yakafuata mazungumzo, na mwisho kikundi kikakubaliana kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena. Palikuwa na mabango ukutani, na hata vitambaa vya nguo vyenye alama ya kampeni.

Mimi wakati ule nilikuwa kidato cha tatu. Likizo ya katikati ya mwaka ilinikuta nyumbani upande wa Geita, ambao siku hizo ulikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole wa maneno machache. Alipojua kwamba nimerudi, aliniambia, "Kijana, wewe utatusomea. Lakini usieleze mpaka uulizwe." Nilikuwa nimesoma habari za kichocho darasani kwa Kiingereza, nikijua majina yote ya hatua za yule mdudu. Nilisoma ukurasa, nikanyamaza, nikasikiliza wakubwa.

Kitabu kilieleza kwamba mayai ya kichocho hutoka katika mkojo au choo cha mgonjwa, huingia majini, huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono. Baada ya wiki kadhaa hutoka kwa konokono katika umbo jingine, na hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Nilipomaliza kusoma, mzee mmoja akasema kwamba zamani mvulana akikojoa damu wenzake walimpongeza, kwani ilihesabiwa kuwa amekua. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Basi ikiwa ni ugonjwa, mbona wasichana wanaoteka maji kila siku nao hawakusemwa?" Swali lile liligeuza mazungumzo yote. Mama mmoja akajibu kwamba wasichana nao wanaumwa, ila hawasemi, maana msichana akitokwa damu watu hudhani jambo jingine. Hakuna kitabu kilichokuwa na habari hiyo. Mwalimu aliiandika katika daftari lake.

Wiki nyingine tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Kitabu kilisema yachemshwe. Bibi mmoja, jirani yetu, akauliza, "Nani atakwenda kutafuta hizo kuni?" Wanaume wakatazama chini. Kuni zilikuwa mbali, na mzigo ulikuwa wa akina mama peke yao. Baada ya kubishana sana kikundi kikakubaliana kwamba maji ya watoto wadogo na ya wagonjwa yachemshwe kwanza, jioni, kwenye moto ule ule wa ugali, na kwamba kila mwanamume alete mzigo mmoja wa kuni kwa wiki. Siwezi kusema kwamba wote walitimiza. Lakini walikubaliana wenyewe, mbele ya wake zao.

Jambo gumu zaidi lilikuwa choo. Bwana Afya alikwisha kupita miaka iliyotangulia akiamuru kila kaya ichimbe choo, na wengi walichimba shimo wakaliacha. Yeye alidhani ni uvivu. Katika kikundi ndipo sababu ilipotajwa: kwa mila za kwetu, mkwe na mkwe hawawezi kutumia choo kimoja. Mke wa kijana akimwona baba mkwe wake anatoka pale, hataingia tena, hata akazwe na Serikali nzima. Jambo hili lilikuwa aibu kulitamka mbele ya mgeni, kwa hiyo Bwana Afya hakuambiwa kamwe. Lilipokwisha kutamkwa, dawa yake ilipatikana jioni ile ile. Kaya zenye wakwe zichimbe mashimo mawili, moja upande huu wa nyumba na jingine upande ule. Mwisho wa kampeni vyoo vya namna hiyo vilikuwapo, na vilitumiwa.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa sababu kwangu ndipo ulipo moyo wa kampeni. Kipindi cha redio kilikwisha kwa muda mfupi, na sura ya kitabu ilisomwa kwa muda mfupi vile vile. Muda uliobaki ulikuwa wa watu. Mtaalamu alijua habari za konokono na mayai. Wanakijiji walijua habari za kuni, wakwe na aibu ya wasichana. Bila nusu hii ya pili, ile ya kwanza ingebaki ukutani pamoja na mabango.

LUGHA ILIYOTUMIKA

Kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili, lakini hakikuwa Kiswahili cha kutisha. Kiliita magonjwa kwa majina ambayo watu walikuwa nayo tayari: kichocho, safura, kuhara damu. Neno geni lilipolazimu, lilielezwa kwa picha na kwa mfano wa kitu cha nyumbani. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeundwa mwaka 1967, na siku zile wataalamu walikuwa wakijitahidi kupata maneno ya sayansi. Wengi walidhani kazi ni kutunga maneno tu. Kampeni ilionyesha kwamba kazi kubwa zaidi ni kupanga maelezo: lianze lipi, lifuate lipi, na mtu aambiwe kwa nini kabla ya kuambiwa afanye nini.

Hata hicho Kiswahili hakikutosha kwetu. Tulisoma kwa Kiswahili, tukajadili kwa Kisukuma, kisha mwalimu akarudisha maamuzi kwa Kiswahili katika daftari. Hakuna aliyeona aibu. Ninalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba sayansi hupungua uzito inapotamkwa kwa lugha ya nyumbani. Mimi niliona konokono yule yule, mayai yale yale na hatua zile zile, na bibi aliyezieleza vizuri kupita wanafunzi wengi niliokuja kuwafundisha baadaye hakujua neno moja la Kiingereza.

MATUNDA NA UPUNGUFU

Matunda yalionekana. Nchi nzima vilichimbwa vyoo kwa malaki, mashimo ya taka yakachimbwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba, na visima vikasafishwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai juu ya lishe, baada ya njaa ya mwaka 1973 na 1974. Mwaka ule ule wa 1975 Taasisi yenyewe ikawa shirika la kujitegemea kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali.

Sasa niseme upungufu. Kwanza, choo huhesabika kwa urahisi, lakini ugonjwa uliozuiliwa hauhesabiki. Kwa hiyo taarifa zilijaa hesabu za mashimo. Sehemu nyingine viongozi waliona njia ya mkato wakaacha mazungumzo, wakatumia amri na faini. Choo kilichochimbwa kwa kuogopa faini mara nyingi kiligeuka ghala la kuku.

Pili, mwezi Novemba 1973, kampeni ilipokuwa imekwisha tu, likatoka agizo kwamba watu wote wahamie katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Upande wetu watu walihamishwa mwaka 1974. Vyoo tulivyovichimba kwa hiari, pamoja na vile vya wakwe, vilibaki kwenye mahame. Huko tulikopelekwa nyumba zilikuwa karibu karibu, mashimo yalikuwa bado, na kikundi kilikwisha kutawanyika. Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka bonde la Rufiji kikaenea mikoa mingi, na vijiji vingi vilionekana havijajiandaa.

Tatu, baadhi ya mafundisho yenyewe yamebadilika. Leo tunajua kwamba kufyeka nyasi kunasaidia kidogo tu dhidi ya malaria, na kwamba vyandarua vyenye dawa ndivyo vilivyoleta nafuu kubwa zaidi. Hili si aibu kwa sayansi, kwa sababu sayansi hujisahihisha. Lakini angalieni tofauti hii. Aliyeamriwa tu afyeke nyasi, alipoambiwa baadaye habari za chandarua alisema wataalamu hawana msimamo. Aliyeelezwa kwamba adui ni mbu aumaye usiku, aliielewa neti mara moja, maana sababu ilikuwa ile ile.

Kwamba mazungumzo yana thamani, tulifundishwa tena kwa uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, maelezo yalichelewa kuwafikia watu. Wananchi hawakungoja. Waliupa ugonjwa jina la Juliana, ambalo lilikuwa jina la kitambaa cha fasheni kilichopitishwa na wafanya magendo wa mpakani, na wengine wakadhani ni uchawi wa waliodhulumiwa katika biashara. Watu hawawezi kukaa na kifo bila kukitafutia sababu. Mtaalamu akinyamaza, sababu nyingine itashika nafasi.

NENO KWA VIJANA WALIOKO SHULENI

Ninyi mnasoma Biolojia, Kemia na Fizikia kwa Kiingereza kama sisi tulivyosoma. Sina ugomvi na hilo katika ukurasa huu. Lakini nimefundisha Biolojia kwa miaka mingi, na nimeona jambo linalonisikitisha. Mwanafunzi anapata alama nzuri katika habari za vimelea vya malaria, kisha anarudi nyumbani, mdogo wake anaugua homa na degedege, na mama anasema ni shetani. Yule mwanafunzi ananyamaza. Hakosi adabu wala hakosi maarifa. Amekosa maneno, kwa sababu hakuna siku aliyotakiwa kuyasema maarifa yake kwa mtu anayemheshimu, katika lugha ya mtu huyo. Mtoto yule anacheleweshwa siku mbili nyumbani, na kwa malaria kali siku mbili ni nyingi mno.

Kwa hiyo ninatoa pendekezo, na ninaomba lijadiliwe katika mkutano wetu wa mwaka huu. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu, kabla ya likizo ya katikati ya mwaka, aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili akieleza jambo moja la sayansi kwa mtu mmoja wa nyumbani anayemjua: mama yake, babu yake, au fundi anayemfanyia kazi likizoni. Akifika nyumbani aseme aliyoyaandika. Kisha, na hili ndilo sharti kubwa, arudi shuleni na maswali matatu aliyoulizwa ambayo hakuweza kuyajibu, na ayasome darasani. Sisi tuliomaliza zamani tunaweza kuchangia daftari, na wenye taaluma miongoni mwetu, madaktari, mabwana shamba na wahandisi, waje kujibu. Gharama yake haifiki bei ya kabati moja la maabara.

Vijana watafunzwa kueleza, na walimu watapata jambo ambalo hakuna kitabu kinachowapa: habari za kuni na wakwe wa zama hizi. Miaka ya karibuni Wizara ya Afya imelifufua jina la Mtu ni Afya katika kazi zake. Nimefurahi. Simu za mkononi na runinga zitapeleka matangazo mbali kuliko redio zetu za betri zilivyoweza. Ila tangazo likikwisha, lazima wapatikane watu wa kukaa na jirani zao, kusoma, na kungoja kuulizwa. Watu hao wanapaswa kutoka katika shule kama hii.

Wenzangu wa miaka ile mlioshiriki katika vikundi vya mikoa mingine, nawaomba mwandike mliyoyaona na kuyaleta kwa mhariri. Mila za Masasi si za Ukerewe, na matatizo ya pwani si ya bara. Mwenye kitabu cha kampeni kilichosalia sandukuni asikitupe. Akilete maktaba ya shule, vijana wakione.